Umealikwa kuwa jaji wa tuzo za biashara: kazi yenyewe ikoje?

Swali: "Nimeongoza kiwanda cha vifungashio hapa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 20, mwaka jana nikastaafu. Juzi nimeletewa barua ya kualikwa kuwa jaji wa tuzo za biashara za kitaifa, kipengele cha viwanda vya kati. Biashara naijua, ujaji sijawahi kuufanya. Kazi inakuwaje, inachukua muda gani, na nifanye nini iwapo kati ya washiriki wamo watu niliofanya nao biashara? Halafu kampuni iliyokosa ikinipigia simu kuuliza sababu, nijibu?"

Jibu: Shikamoo mama, na hongera kwa kustaafu salama. Barua hiyo umeletewa kwa sababu ya uzoefu wako, na uzoefu huo huo ndio utakaokupotosha usipouangalia. Majina mengi kwenye orodha ya washiriki utayatambua kabla hujafungua jalada hata moja, yaani maombi ya mshiriki pamoja na nyaraka zake. Utajua nani analipa kwa wakati na nani alishindwa kesi ya mkopo. Jaji hapimi hayo. Anapima kilichoandikwa kwenye jalada na kikathibitishwa. Uzoefu wako uuweke kwenye kazi moja tu: kuuliza maswali ambayo mtu asiyewahi kuendesha kiwanda hawezi kuyafikiria.

Kabla ya kukubali, waulize waandaaji mambo machache, tena kwa maandishi. Tuzo hazifanani. Hapa Tanzania Shirikisho la Wenye Viwanda (CTI) lina tuzo ya Rais ya mzalishaji bora viwandani, na Chama cha Waajiri (ATE) kina tuzo ya mwajiri bora. Zote mbili zilianza mwaka 2005. Nyuma ya tuzo za namna hii kuna taasisi yenye wanachama. Ziko pia tuzo zinazoendeshwa kama biashara, zinazoishi kwa ada za kushiriki na mauzo ya meza siku ya hafla. Ada peke yake si dhambi. Stevie Awards za Marekani, zilizoanza mwaka 2002, hutoza ada na bado huita majaji kutoka nchi nyingi. Cha kuuliza ni kama fedha na ushindi vina mlango wa kupitana. Je, mdhamini anaruhusiwa kushindania kipengele anachokidhamini? Je, mshindi anaarifiwa mapema ili anunue meza, na asiponunua tuzo inakwenda kwa mwingine? Nani anajumlisha alama, na je, majaji wanaonyeshwa jumla kabla matokeo hayajatangazwa? Jopo lina haki ya kutotoa tuzo iwapo hakuna aliyestahili? Swali hilo la mwisho mimi nalipa uzito kuliko yote. Mwandaaji anayesema lazima kila kipengele kipate mshindi anatafuta sahihi yako ya kuwekea muhuri, hata kama yeye mwenyewe haoni hivyo.

Muda. Jalada la kawaida lina kurasa kama 10, pamoja na hesabu zilizokaguliwa na viambatisho. Kulisoma kwa haraka mara ya kwanza bila kutoa alama ni dakika 10. Kulisoma mara ya pili, kukagua tarakimu na kuandika sababu ni dakika 40. Majalada 20 ni karibu saa 17. Ongeza nusu siku ya kikao cha majaji, na siku moja kwa kila kiwanda mtakachokitembelea kama kiko nje ya mkoa. Ukipewa majalada 60 kwa wiki mbili, hiyo ni kazi ya saa 50; omba mgawanyo mwingine au kataa. Usisome zaidi ya matano au sita kwa mkao mmoja. Macho yakichoka, mkono huanza kutoa 6 na 7 kati ya 10 kwa kila anayekuja, na jalada la mwisho linalipia uchovu ambao si wake. Kwenye kusoma mara ya pili, badili mpangilio, yaliyokuwa mwishoni yaanze.

Malipo mara nyingi hayapo, au ni nauli na posho ndogo. Hilo halina ubaya mradi nauli na malazi yalipwe na mwandaaji, kamwe yasilipwe na mshiriki.

Sasa hao uliofanya nao biashara. Miaka zaidi ya 20 kwenye vifungashio maana yake umeuzia nusu ya viwanda vya mji huu, kwa hiyo usisubiri mtu akugundue. Ukipewa orodha ya washiriki, kabla ya kupewa majalada, andika karatasi moja na uikabidhi kwa mratibu. Weka humo kampuni yoyote ambayo una hisa zake, uko kwenye bodi yake, uliiuzia au kununua kwake ndani ya miaka mitatu iliyopita, uliwahi kuishauri kwa malipo, inakudai au unaidai, au ina ndugu yako kwenye uongozi. Washindani wa kiwanda chako cha zamani nao uwataje. Watu husahau kundi hili, wakidhani mgongano wa maslahi ni upendeleo tu, kumbe kinyongo nacho ni maslahi. Halafu kuna pensheni: kama kiwanda chako bado kinakulipa chochote, wateja wake wakubwa leo ni mgongano, hata kama wewe huwajui.

Ukishataja, usilipime jalada hilo, na wenzako wakilijadili utoke chumbani. Kukaa kimya ndani ya chumba hakutoshi, maana wenzako watakuonea haya. Ukijikuta umeandika zaidi ya theluthi moja ya washiriki wa kipengele chako, omba kuhamishiwa kipengele kingine, kwa mfano cha huduma au kilimo. Hakuna aibu yoyote.

Tufike kwenye kusoma, ambako ndiko kazi ilipo. Tuseme una jalada la kiwanda cha unga wa sembe. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa herufi nene: mauzo yamekua kwa asilimia 40 kwa mwaka. Ukienda kwenye hesabu unakuta ni kweli, yametoka shilingi bilioni 1.5 hadi bilioni 2.1. Wengi huishia hapo wakatoa 9. Lakini bei ya unga mwaka ule ilipanda kwa asilimia 25. Gawa 1.4 kwa 1.25 upate 1.12. Unga uliotoka kiwandani uliongezeka kwa asilimia 12. Kilichobaki ni bei, na bei ilipandishiwa kila mtu. Fungua tena mizania, yaani jedwali la mali na madeni ya kampuni, utazame fedha ambazo wateja hawajalipa. Mwaka wa kwanza zilikuwa milioni 200, wa pili milioni 700. Milioni 200 gawa kwa mauzo ya bilioni 1.5, zidisha kwa 365, unapata siku 49. Mwaka wa pili, kwa hesabu ile ile, ni siku 122. Maana yake mteja aliyekuwa akilipa chini ya miezi miwili sasa anakaa na deni miezi minne. Kiwanda kimekuza mauzo kwa kukopesha, na huenda hata mshahara kinalipa kwa mkopo wa benki. Hakijadanganya popote. Ila alama ya ukuaji haiwezi kuwa 9.

Kwenye vifungashio sasa, wewe una jicho ambalo mwenzako aliyetoka benki hana. Kiwanda kinachosema kimeuza tani 2,000 kwenye mifuko ya kilo 25 lazima kimetumia mifuko 80,000, ukiacha iliyochanika. Uliza kilinunua mifuko mingapi. Jibu likiwa 50,000, kuna tani 750 ambazo hazikuwa na mfuko. Pengine ziliuzwa kwa wingi bila kufungashwa, pengine zilikuwa za kusaga kwa malipo, yaani mahindi ya watu wengine. Huenda maelezo ni safi kabisa, lakini ni lazima yatolewe. Hoja ni hiyo hiyo kwa umeme: uzalishaji ukidaiwa kupanda kwa asilimia 40 huku uniti za umeme zimepanda kwa 5, ama kuna mashine mpya isiyokula umeme mwingi, na hiyo inapaswa kuonekana kwenye orodha ya mali, ama kuna tarakimu iliyopambwa. Idadi ya wafanyakazi uilinganishe na michango ya NSSF. Faida iliyoruka ghafla uitafutie chanzo, kwa sababu kuuza kiwanja cha kampuni huongeza faida ya mwaka bila kuuza hata mfuko mmoja.

Jihadhari na asilimia isiyo na msingi. "Wateja wetu wameongezeka mara tatu" ni maneno matupu mpaka ujue walianzia wangapi. Kutoka wateja 4 hadi 12 ni mara tatu.

Kuna jambo la lugha ambalo kwetu linaumiza watu kimya kimya. Majalada mengi huandikwa na washauri wa kukodiwa, kwa Kiingereza laini na picha nzuri. Mwenye kiwanda cha alizeti Singida akiandika mwenyewe, jalada lake litakuja na sentensi zinazopinda na majedwali yaliyochapwa vibaya. Vigezo vyako havina mahali palipoandikwa "uandishi mzuri". Ukiona moyo unalipenda jalada, chukua karatasi uandike mambo matatu yaliyothibitishwa ndani yake. Yasipofika matatu, ulichokipenda ni mshauri wao.

Alama zenyewe: andika sababu kwanza, tarakimu baadaye. Jaji anayeanza na 8 hutumia muda uliobaki kuitafutia 8 yake utetezi. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike alichunguza jinsi makamanda wa jeshi walivyowapima maofisa wao, akakuta kuwa ofisa aliyepewa alama za juu kwa jambo moja alipewa za juu karibu kwa kila kitu, hata mambo yasiyohusiana. Majaji wa tuzo hufanya vivyo hivyo: mkurugenzi anajieleza vizuri, basi na usalama kazini unapewa 8. Dawa yake ni kupima kwa kigezo badala ya kupima kwa kampuni. Chukua kigezo cha matokeo ya fedha, kipitishe kwa washiriki wote watano waliofika hatua ya mwisho, ukimaliza ndipo ushike cha wafanyakazi, uanze upya. Inachosha, lakini inazuia sifa moja isifunike kasoro nne.

Uzito wa vigezo usiubuni wewe, utaletewa. Ukiombwa maoni, angalia tuzo ya ubora ya taifa la Marekani iliyopewa jina la Malcolm Baldrige, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1987. Kwa miaka mingi jumla yake ilikuwa alama 1,000, na 450 kati ya hizo zilikwenda kwenye matokeo. Uongozi, mikakati, wateja, upimaji na taarifa, wafanyakazi na uendeshaji viligawana zilizobaki. Hata kwenye matokeo hawakuangalia tarakimu ya mwaka mmoja. Waliuliza kiwango ni kipi, mwelekeo wa miaka kadhaa ukoje, na ukilinganisha na wengine kwenye sekta mnasimama wapi. Jihadhari na tuzo inayoweka uzito mkubwa kwenye mikakati na dira, vitu ambavyo kila mtu anaweza kuviandika usiku mmoja.

Tumia kipimo chote. Hebu tazama majaji watatu na kampuni mbili. Jaji wa kwanza anaipa A alama 7, B alama 6. Wa pili naye hivyo hivyo. Wa tatu anaipa A alama 3 na B alama 9. Majaji wawili kati ya watatu wanaamini A ni bora, lakini jumla ya A ni 17 na ya B ni 21. Mshindi amechaguliwa na mtu mmoja, kwa sababu wawili waliogopa kutoka kwenye 6 na 7. Huenda wa tatu yuko sahihi, lakini lazima aulizwe. Shaurini mwanzoni kwamba kila pengo la alama 3 au zaidi litajadiliwa kabla ya kujumlisha. Kabla ya kazi kuanza, pimeni wote jalada moja la mfano na mkubaliane 5 ni kampuni ya namna gani na 9 ni ya namna gani. Saa moja ya zoezi hilo inaokoa ugomvi wa siku nzima.

Kwenye kikao, alama za kila mmoja ziwe zimeshafika kwa mratibu siku moja kabla. Kisha azungumze kwanza mdogo kuliko wote, kwa umri au kwa cheo, na mwenyekiti awe wa mwisho. Desturi yetu ya kumpisha mkubwa aanze ni njema msibani na kwenye harusi. Kwenye jopo la majaji inaua kazi, maana mkubwa akishasema "hii naona ni nzuri", kijana aliyeona siku 122 za madeni hatafungua mdomo. Mama, wewe pengine utakuwa mkubwa wa chumba hicho. Ukinyamaza dakika 20 za mwanzo utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko hotuba. Kubadili alama baada ya majadiliano ni ruhusa, mradi uandike ushahidi gani umekubadilisha. "Wenzangu walisema" si ushahidi.

Mkitembelea kiwanda, chai na maonyesho ya ofisini yasizidi dakika 20. Nenda stoo. Angalia mali ghafi ya zamani kuliko zote ina tarehe gani. Soma ubao wa zamu: je, tarakimu zake ni za leo, au ubao umefutwa upya asubuhi kwa ajili ya wageni? Jalada likisema kuna mafunzo ya usalama kila mwezi, muulize opereta wa mashine, msimamizi asiwepo, mara ya mwisho alifundishwa nini. Anayejua atakujibu papo hapo. Mkitoka, katoni ya bidhaa zao "za kuonja" iacheni getini kwa heshima, na mseme kwamba kanuni hazituruhusu. Kesho yake mtu atauliza, na katoni ya juisi itakuwa imegeuka hadithi ya rushwa.

Usidhani pia kwamba hesabu zilizokaguliwa na jina kubwa vinatosha. Septemba 2008 kampuni ya teknolojia ya Satyam ya India ilipewa tuzo ya kimataifa ya Golden Peacock kwa utawala bora. Tarehe 7 Januari 2009 mwenyekiti wake, B. Ramalinga Raju, alikiri kwa barua kwamba hesabu zilikuwa zimeghushiwa kwa miaka kadhaa, na fedha nyingi zilizoonyeshwa benki hazikuwepo. Tuzo ikafutwa. Wakaguzi wa nje walikuwa wameshazipitisha hesabu hizo, kwa hiyo majaji peke yao wasingeweza kugundua kila kitu. Ila utawala bora ukipimwa kwa wingi wa sera, kamati na wajumbe wenye majina, unapima karatasi. Omba mfano wa uamuzi mmoja ambao bodi iliukataa mwaka huo, kumbukumbu ya kikao ikiwepo. Bodi ambayo haijawahi kumkatalia mkurugenzi wake chochote inahitaji maelezo. Na hakikisha kanuni za tuzo zina kifungu cha kuinyang'anya. Kama hakipo, pendekeza kiwekwe kabla ya matokeo.

Kuhusu siri: majalada yana mishahara, bei za wasambazaji na wakati mwingine vitambulisho vya watu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usiyatume WhatsApp, hata kwa jaji mwenzako. Usiyapakie kwenye programu za akili mnemba ili zikufupishie. Ukifanya hivyo umeitoa siri ya mtu nje ya nyumba, na mukhtasari huo utaiacha mizania ambayo ndiyo ilikuwa na habari. Kazi ikiisha, futa mafaili na uchane karatasi. Ulichokisoma kuhusu bei za mtu hukitumii tena popote, na wewe bado una marafiki kwenye vifungashio.

Hiyo ndiyo sababu jibu la swali lako la mwisho ni hapana. Kampuni iliyokosa ikikupigia simu, mwambie kwa upole awasiliane na mratibu, usiongeze neno. Ukimwambia "ulikosa kidogo tu", ameshajua alama zako na za wenzako. Lakini ana haki ya kujua, na haki hiyo mnaiandaa mapema. Kwa miaka mingi tuzo ya Baldrige ilimpa kila mwombaji ripoti ya maandishi ya yaliyoonekana, ashinde asishinde, na kampuni nyingi ziliingia kwa ajili ya ripoti hiyo. Waombe waandaaji wako waitoe. Kwa kila jalada andika nusu ukurasa: mambo mawili yaliyosimama imara, pengo moja au mawili, na kila kimoja kitaje ukurasa wa jalada ulipokiona. Usiandike "boresheni masoko". Andika kwamba jedwali la ukurasa wa 6 linaonyesha mauzo ya mikoa mitatu bila ya mwaka uliotangulia, kwa hiyo ukuaji haukuweza kupimwa. Mwenye kiwanda ataelewa, na mwakani ataleta tarakimu hizo.

Jibu la barua yako nalo liwe fupi: unakubali kwa sharti la kuiona orodha ya washiriki kabla ya majalada, kanuni za alama kwa maandishi, na kauli kwamba jopo linaweza kutotoa tuzo. Wape siku saba za kujibu.